Sauti ya Mama Ilikuwa Ndani ya Kompyuta Ile

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Nasikia ukumbi umejaa leo. Viti vinakwaruza mpaka kule nyuma karibu na mlango, na kuna mtoto amepewa biskuti ili anyamaze. Chamgei nyote. Na nyinyi wa kwetu upande wa ziwa, na nyinyi wa Kisii, nimewasalimu pia, msinune.

Mwenyekiti wetu aliniambia juzi, "Wewe umekaa kwenye kikundi hiki cha wasioona na familia zao muda mrefu na hujawahi kusimama. Wenzako wanasimulia, wewe unapiga makofi tu." Nikamwambia yangu haina mwisho mzuri. Akasema hakuniuliza kama ina mwisho mzuri. Basi nimesimama. Sitataja jina la mtu, kama ilivyo desturi yetu hapa. Na ninyi mtakaporudi nyumbani, yangu yaacheni hapa.

Mimi nilizaliwa kambini, kwenye shamba moja kubwa la chai hapa nje ya mji wa Kericho. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakiwa vijana kutafuta kazi. Baba alikuwa kiwandani kwenye mashine za kukausha majani. Mama alikuwa mchumaji. Nilikuwa naona vizuri kama mtoto yeyote, mpaka nilipofika darasa la nne macho yakaanza kuuma, kichwa kikaanza kuuma, na taa ya nyumba ikawa na duara la rangi kuizunguka. Ilikuwa presha ya macho. Tulipompata daktari anayeijua, ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Mama hakulia mbele yangu. Alichofanya ni kusema. Jioni akitoka shambani, kabla hajavua ile aproni ya plastiki, alikuwa anasimama mlangoni na kunieleza anachoona. "Ukungu umeshuka mpaka kwenye choo cha jirani. Wachumaji wa mwisho wanaonekana vichwa tu, miili haipo. Yule wa kofia nyekundu ni mama ya rafiki yako, amechelewa tena, na najua kwa nini amechelewa lakini sikwambii." Alikuwa hivyo. Hakunieleza mlima na mawingu peke yake. Alinieleza watu, nani amenunua viatu, nani anatembea kama amegombana na bwanake. Nilikua nikiona dunia kupitia mdomo wa Mama, na nawaambieni, haikuwa dunia mbaya.

Nilisoma shule ya wasioona, nikaingia chuo cha ualimu. Pale chuoni kulikuwa na mwalimu mmoja mzee aliyekuwa anastaafu. Siku anaondoka aliniita ofisini akanikabidhi kompyuta yake. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Bawaba moja ilikuwa imevunjika, kwa hiyo ukiifungua lazima uegemeze kifuniko kwenye ukuta. Lakini ilikuwa na ile programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa, na kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo kompyuta, hayo mengine ni mapambo.

Sauti yake ilikuwa ya mwanaume, kavu, haina furaha wala huzuni. Kiswahili ilikisoma kama mzungu aliyeshuka ndege leo asubuhi. Neno "ng'ombe" ilikuwa inalitamka mpaka wanafunzi wangu wanaanguka chini kwa kicheko. Mimi niliizoea. Niliifundisha kusoma haraka, haraka sana, mtu mwingine akisikia anadhani ni redio imeharibika. Kwenye kibodi nilibandika matone ya gundi ili vidole vijue viko wapi. Kwa miaka mingi nilikuwa nayo. Nilisomea digrii nayo, nikafundisha nayo, nikaandika barua za mapenzi nayo, ambazo hazikufika popote lakini ziliandikwa vizuri.

Na humo ndani niliweka sauti ya Mama. Kila nilipokuja nyumbani likizo, niliiweka mezani karibu na mlango, nikabonyeza irekodi, nikamwambia, "Mama, sema." Mara ya kwanza aliiogopa. Akauliza, "Hiki kitu kinakula maneno?" Nikamwambia kinayaweka. Akasema, "Basi kiweke na haya," akaanza. Baadaye alikuwa haulizi tena. Alikuwa anasimama pale mlangoni na kusema mpaka giza linaingia, mvua ikiwa imenyesha, majani yakiwa yamepigwa na mvua ya mawe, siku ya malipo, siku ya msiba. Kulikuwa na vipindi vingi vya Mama humo ndani.

Mama alifariki ghafla, mwaka uliotangulia safari yangu ya kwenda kusoma ng'ambo. Baba akastaafu, na nyumba ya kambi ni ya kampuni, ukistaafu unatoka. Akahamia kwenye kipande cha shamba alichokuwa amenunua kule chini Fort Ternan, mahali ambapo chai inaisha na miwa inaanza. Kwa hiyo ule mlango ambao Mama alikuwa anasimama ulikuwa sasa wa familia nyingine. Uliobaki ulikuwa ndani ya kompyuta.

Nilipata nafasi ya kusomea shahada ya pili Ujerumani, kuhusu malezi ya watoto wasioona. Kabla sijaondoka nilizunguka Bomet na Kericho kuzungumza na wazazi wenye watoto kama hao, nikawarekodi. Wengine wenu mko hapa. Mlinifungulia nyumba zenu, mkaniambia mambo ambayo hamkuwa mmewaambia hata wachungaji wenu. Hayo yote pia yalikuwa humo ndani.

Kule nilikaa vizuri mwanzoni. Baridi ni baridi, sitawachosha. Njia ya kutoka chumbani kwangu mpaka darasani niliijua kwa fimbo. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, ila nje ya darasa kila kitu kilikuwa kwa lugha yao. Jioni, nikimaliza kazi, nilikuwa nachukua kipindi kimoja cha Mama na kukisikiliza nikila.

Sasa siku moja nilikwenda mji mwingine kwenye semina, kompyuta iko mkobani. Wakati wa kurudi ilibidi nibadilishe treni. Niko pale stesheni, watu wanapita kasi, kipaza sauti kikatangaza kitu. Nikashika jina la mji wangu na neno moja au mawili, nikaelewa kwamba treni imehamishwa upande mwingine, lakini upande gani, hapo sikushika. Nikasimama nikiuliza hewani. Mwanaume mmoja akanishika kiwiko. Akaniuliza kwa Kiingereza kizuri, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Hata mimi naenda huko. Njoo."

Tukafika kwenye ngazi. Akasema, "Ngazi hizi ni kali. Nipe mkoba, wewe shika chuma."

Nikampa.

Alinipandisha vizuri, ndugu zangu. Alihesabu ngazi za mwisho kwa sauti ili nisijikwae. Tulipofika juu akasema, "Ngoja hapa kidogo, niangalie kama ni upande huu." Nikasikia hatua zake zikienda. Nikangoja. Treni ikaja, milango ikafunguka, ikafungwa, ikaondoka. Sikuipanda. Nilikuwa nafikiri, nikitoka hapa atarudi na mkoba wangu na asinione. Nilikuwa namwonea huruma yeye, kwamba atahangaika kunitafuta. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, mpaka bibi mmoja akaja akaniuliza kama naumwa.

Polisi walikuwa na adabu. Kijana aliyeandika taarifa aliniuliza, "Alikuwa mrefu? Alivaa nini? Nywele za rangi gani?" Nikamwambia sijui, lakini namjua. Nikamwambia ana kikohozi cha ndani ya kifua. Anaburuta kiatu cha kushoto kidogo. Anavuta sigara, na muda si mrefu kabla ya kunishika alikuwa amemenya chungwa, kwa sababu vidole vyake vilinukia. Nikisikia sauti yake hata baada ya miaka kumi nitamtambua. Yule kijana alikuwa anaandika, tak tak tak, kisha akaacha. Akasema kwa upole, "Samahani, sina mahali pa kuandika hayo."

Nakala nilikuwa nayo. Watu huuliza hilo kwanza, kwa hiyo najibu kabla hamjauliza. Nilikuwa nimeweka kila kitu kwenye flashi, na flashi ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba uleule.

Chuo kilinipa kompyuta nyingine. Walikuwa watu wema, na sisemi hivyo kwa kejeli. Ilikuwa mpya, nyembamba kama sahani. Nilipoiwasha, mwanamke akaanza kuniongelesha Kijerumani. Wakaja wakambadilisha akaongea Kiingereza. Sauti nzuri, yenye asali kidogo. Nilikaa mbele yake na vidole vyangu vikawa vinatafuta yale matone ya gundi. Kibodi ilikuwa laini yote. Nikaifunga.

Profesa wangu akasema, "Anza upya taratibu, tutakusaidia." Nianze upya nini? Wale wazazi walikuwa Bomet na Kericho, mimi niko kule. Na mtu akishakwambia jambo lililomtoa machozi, huwezi kumpigia simu na kumwambia, samahani, nimelipoteza, naomba ulie tena. Waliniongezea muda mfupi. Muda ule niliulala. Nasema ukweli. Nilikuwa naamka, nasikia mabomba ya kupasha chumba joto yakigonga, nageukia ukutani. Binti wa chumba cha jirani alikuwa anabisha hodi, "Uko hai?" Najibu niko hai. Hapo tumemaliza mazungumzo ya siku.

Nilikuwa nimeacha kutembea hata njia ninayoijua. Mtu akinigusa mkono dukani ili anisaidie, nauvuta kama nimeunguzwa. Mnajua maisha yetu. Asiyeona hawezi kuishi bila kuamini mkono wa mtu asiyemjua. Hilo ndilo aliloondoka nalo yule bwana, na sidhani alijua kwamba amelibeba.

Baba nilikuwa simwambii. Baba si mtu wa maneno. Alikuwa anapiga simu, anasema, "Uko?" Nasema niko. "Umekula?" Nasema nimekula. "Haya." Anakata. Miaka yote kazi ya kuongea aliachiwa Mama, na Mama alipokufa hakuna aliyeichukua.

Sasa ikafika wakati wa kumkumbuka Mama, mwaka wa pili tangu tumzike. Baba akapiga. Nikajua kuna jambo, kwa sababu hakuniuliza kama nimekula. Akasema, "Nyathina," ndivyo anavyoniita, mtoto wangu, kwa lugha yetu, "nimealika majirani wachache. Na wale wa kambini watakuja. Nimewaambia wewe una sauti ya mama yako. Nitumie kwa simu ya mdogo wako, tuwawekee waisikie."



"Uko?" akauliza.

"Niko, Baba."

"Hata kidogo tu. Pale anaposema habari ya mvua."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, stesheni, ngazi, mkoba. Nilikuwa nangoja anigombeze, maana kugombezwa kungenisaidia. Nilisikia anapumua. Kwa nyuma nikasikia jogoo. Kisha akasema, "Basi," na simu ikakatika.

Hapo ndipo chini kabisa, ndugu zangu. Watu husema ukifika chini utajua umefika, utapiga miguu uibuke. Mimi nilifika chini nikakaa.

Nilirudi nyumbani bila cheti. Faili langu huko limefungwa na halitafunguliwa. Mdogo wangu alinipokea, tukashuka mpaka Fort Ternan, na Baba akanishika mkono langoni, akanipeleka ndani, akanionyesha kitanda. Hakusema kitu kuhusu sauti. Mimi pia sikusema. Tuliishi hivyo, watu wawili kwenye nyumba moja, tunasikia vijiko vya mwenzetu kwenye sahani. Nyumba ile sikuwa naijua. Nje ya mlango kulikuwa na nini, sikujua, na sikutaka kujua. Nilikuwa nakaa tu kwenye kiti. Jirani alipokuja kunitembelea akasema Mungu akifunga mlango hufungua dirisha. Nilimwomba aondoke. Alikuwa na nia njema, na nilimwomba aondoke.

Halafu kulikuwa na asubuhi moja. Haikuwa na lolote la pekee. Nimekaa kwenye kiti, nikasikia Baba amesimama mlangoni. Amesimama tu. Nikafikiri anatafuta jembe. Kisha akakohoa, akasema, "Kuna miwa."

Nikasema, "Nini?"

"Miwa. Hapo mbele." Akaegemea mlango. "Mingine imesimama. Mingine imelala."

Akaendelea, na nilisikia jinsi inavyomuuma, kama mtu anayeng'oa kisiki. "Kuna ng'ombe wa jirani. Mmoja." Kimya. "Ni ng'ombe tu." Akasema, "Mama yako angekwambia vizuri. Mimi sijui kusema. Wewe niulize."

Nikamuuliza ng'ombe ni wa rangi gani.

Akasema, "Kahawia." Kisha akasema, "Hapana, ngoja," na akatoka nje kwenda kumwangalia karibu. Mzee wa magoti mabovu alivuka ua mzima. Akarudi anahema, akasema, "Kahawia, na doa jeupe kwenye paji. Linafanana na Uganda kwenye ramani."

Nililia hapo. Tangu stesheni nilikuwa sijalia, na nilianza siku ile kwa sababu ya ng'ombe.

Tangu hapo namuuliza. Si kila siku. Siku nyingine hana hamu, siku nyingine mimi ndiye sina. Yeye hajui kueleza watu kama Mama. Ukimuuliza mtu anayepita amevaaje, atasema, "Amevaa nguo." Wengi mnaniambia, mrekodi basi, safari hii weka nakala kila mahali. Nilijaribu. Niliweka simu mezani nikamwambia, Baba, sema. Akasafisha koo, akaanza kuongea kama chifu kwenye baraza, "Mimi ninayezungumza hapa..." Nikazima. Tukacheka kidogo. Sijajaribu tena.

Ni yeye aliyenileta kwenye kikundi hiki mara ya kwanza. Nilikaa kona ile, siongei. Kuna dada mmoja hapa, asiyeona kama mimi, aliyekaa karibu nami mkutano baada ya mkutano bila kuniuliza kitu. Siku moja akaweka kompyuta yake mapajani mwangu akasema, "Hii yangu inanisumbua, nionyeshe pa kubonyeza." Haikuwa inamsumbua hata kidogo. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua. Nikamwonyesha. Sasa nafundisha watoto wenu kusoma kwa kompyuta, hapa hapa kwenye ukumbi huu. Sauti ni ya yule mwanamke wa asali. Sijampenda, lakini tunafanya kazi.

Nisiwadanganye kwamba nimepona. Lile lililoniuma zaidi ndilo linalozidi kuendelea. Maneno ya Mama nayakumbuka mengi. Ukungu, kofia nyekundu, choo cha jirani. Lakini siku hizi nikiyasikia kichwani, sauti inayoyasema ni yangu mwenyewe. Yake inaondoka. Kila nikijaribu kuishika inakuwa nyembamba zaidi, na hakuna kitu, si maombi, si mashine, kitakachoirudisha. Baba naye nilimuuliza kama bado anaisikia. Aliinuka akatoka nje.

Na wale wazazi niliowarekodi, mlioko hapa na msiokuja, nimesimama pia kwa ajili yenu. Mlinipa, na nimepoteza. Mmoja wenu nilipomwambia, alisema, "Basi njoo tunywe chai." Nilikunywa chai ile kwa shida sana. Asante kwa hiyo chai.

Asante, Baba, umekaa mstari wa mbele, nakusikia unavyosogeza fimbo yako, unataka nimalize. Asante, dada yangu wa kompyuta isiyosumbua. Asante kwa yule binti aliyekuwa anabisha hodi mlangoni kule ng'ambo kuuliza kama niko hai, ambaye sikuwahi kumshukuru.

Somo? Mwenyekiti amesema lazima kuwe na somo. Nimetafuta, nimepata moja tu. Mwenzako akipoteza kitu ambacho hakitarudi, usimwambie kitarudi, na usimwambie atapewa kikubwa zaidi. Kaa karibu naye. Kama hujui kusema, sema vibaya hivyo hivyo.

Na kama aliyepoteza ni wewe, sina ahadi ya kukupa. Mimi leo niliamka sitaki kuja. Nikavaa, nikaja. Nafikiri kesho nitaamka sitaki tena.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.